Nani Atanifunga Mikanda

Durban, 17 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyomtumia jirani yetu Papy akuletee, unaipaka kweli au umeiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Mimi ni mzima. Agosti ya Durban inavuma mpaka mabati ya saluni yanalia, lakini wateja wanakuja, na vidole vyangu vinasuka kuliko vya wasichana wote wa Umbilo Road. Silisemi mimi hilo, wanasema wao.

Nimekuandikia barua kabisa kwa sababu najua huzipendi sauti za WhatsApp. Papy asiisome yeye halafu akakusimulia. Akupe simu, akae kando auze vocha zake.

Mama, nina neno. Nimeshakutajia parokia yangu mpya, ile iliyo karibu na bandari, ya Padri Lawrence, yule Mkenya. Sikukuambia yote. Parokia hii ina udugu wa zamani na watu wa aina mbili: askari wastaafu waliopigana vita, na kikosi cha boti ya uokoaji, wale wanaoingia baharini wengine wanapozama. Bendera za askari zimetundikwa ukutani, na katikati yake limetundikwa boya la duara. Wanasimulia hapa kwamba wakati wa vita vikubwa vya zamani, meli iliyobeba majeruhi ilikwama nje ya mdomo wa bandari, na watu wa boti ndio waliowatoa. Askari wakaweka nadhiri. Tangu hapo boti ikitoka, kengele ya kanisa inapigwa, taa inawashwa mbele ya altare, na askari mmoja anakaa nayo mpaka boti irudi. Akichoka, mwenzake anampokea. Na taa ile haizimwi na yeyote ila mtu aliyerudi kutoka majini.

Watu wa boti hawalipwi, wanajitolea. Mmoja ni fundi wa magari, mwingine muuguzi. Na mmoja wao sasa ni mimi.

Usiitupe simu ya Papy, Mama. Kaa kwanza.

Nimejifunza kuogelea hapa hapa, mtu mzima, watoto wadogo wakinicheka. Nimefaulu majaribio yote. Limebaki jambo moja tu. Mwezi wa Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, sisi wapya tunabarikiwa. Mzazi anasimama nyuma ya mtoto wake mbele ya altare na kumfunga mikanda ya jaketi la kuelea. Mzazi aliye mbali anamtaja mtu wa kusimama mahali pake. Kabla ya hapo nahodha hakuchukui.

Ninaomba unipe jina la mtu, Mama. Yeyote utakayemtaka wewe.

Binti yako,
Laetitia


Baraka, 3 Septemba

Laetitia mwanangu,

Barua imefika. Magoti yanauma kama kawaida yake, dawa nimeipaka, usinichunguze. Huku tunapumua. Mihogo imekubali mwaka huu, na Henriette wa Papy ana mimba nyingine. Tumemtania mpaka akanuna.

Sasa nije kwenye maneno yako. Nilianza kuyasoma nimesimama, nikakaa, nikaanza upya. Kanisa gani hilo linalowapa askari viti vya mbele? Mimi nimefundisha watoto wa Baraka mpaka nikastaafu, na ninajua askari wakiingia kanisani watu wanafanya nini. Tunatoka kwa madirisha. Wewe mwenyewe nilikupitisha dirisha la sakristia, sketi yako ikabaki kwenye msumari, ukalilia sketi. Leo unaniambia unapiga magoti nyuma ya mgongo wa askari na roho yako imetulia. Yangu haikutulia. Tangu nisome nashtuka hata mbuzi akigonga mlango.

Na maji, Laetitia. Maji! Baba yako Anaclet aliondoka asubuhi ya jua, ziwa limetulia, akaniambia niweke sufuria ya samaki. Sufuria niliiweka. Mpaka leo hatujapata hata kiatu chake. Tulizika shati. Wewe ulishika mkono mmoja wa shati lile, mimi nikashika mwingine. Tangu siku hiyo sijawahi kuweka mguu ziwani, hata kunawa. Ulipoondoka nilifurahi kwamba unakwenda kwa basi. Kumbe ulikuwa unakwenda mpaka mwisho wa Afrika kutafuta maji makubwa kuliko yaliyomla baba yako.

Jina hulipati. Kumfunga mtoto mikanda ni kumwambia nenda, na mimi neno hilo silisemi, wala simpi mtu mwingine alisemee.

Watu wanashuka kutoka upande wa Uvira na magodoro kichwani. Wanapita, hawasimulii. Ukiwauliza wanaomba maji ya kunywa tu. Tuombee.

Mama yako


Durban, 15 Septemba

Mama mpendwa,

Umenichapa kwa kalamu, na nimechapika. Pole kwa kukushtua. Nimemwambia nahodha kwamba mama hajakubali, kwa hiyo sitoki na boti. Ninakaa nchi kavu kwenye redio, ninapokea sauti za walio baharini. Hiyo ahadi nakupa: bila jina kutoka kwako, sipandi.

Lakini acha nikuambie juu ya askari mmoja, kwa sababu naye kwanza alinitisha. Anaitwa Baba Cele. Siku moja tulikuwa mlangoni mwa kanisa, mimi na Médiatrice, yule wa kwetu anayeuza nguo Isipingo karibu na kituo cha taxi. Médiatrice alikuwa ananisumbua juu ya Jumapili, "Njo Dimanche utanipitia, ama utanisahau tena?" Mzee akageuka kama aliyeitwa. Akatutazama, akasema kwa Kiswahili: "Jambo mama. Lala chini. Kimbia. Pole."

Médiatrice alinivuta mkono tukatoka. Baadaye Padri Lawrence akanieleza. Baba Cele alikuwa kwetu Kongo na kofia ya bluu ya Umoja wa Mataifa, na maneno yale ndiyo Kiswahili alichobaki nacho. Anajua kusema kimbia, lakini hajui kusema karibu chakula. Wahindi wa Overport wakipiga fataki za Diwali, anakuja kukaa kanisani mpaka ziishe. Kila boti ikitoka yeye ndiye wa kwanza kuomba kukaa na taa. Nimemzoea sasa. Ninamletea chai, ananiuliza habari zako.

Jumapili iliyopita aliniuliza unakaa wapi. Nikasema Baraka. Aliweka kikombe chini. Akaniuliza kama una njia ya kutoka kwa maji.

Mama, yule mtu amekaa milima ile na bunduki mkononi, na uso wake ulibadilika. Tangu hapo silali vizuri. Papy ana ndugu Kigoma. Mkivuka mapema, watu wakiwa wachache, mtavuka vizuri. Najua ninachokuomba. Nakuomba hata hivyo.

Binti yako mwenye hofu,
Laetitia


Baraka, 19 Oktoba

Laetitia mwanangu,

Umzima? Sisi tuko hai, na siku hizi tunalisema neno hilo taratibu. Nimechelewa kwa sababu mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Papy inabidi apande kilimani, nyuma ya shule yangu ya zamani, ndipo simu inashika. Picha ya barua hii ataituma akiwa huko.

Shule imefungwa. Madarasa yamejaa wakimbizi. Usiku hatuwashi taa, mchana hatusemi kwa sauti. Mlio ukisikika mbali, kila mtu anamtazama mwenzake kuona kama amesikia, na wote tunajifanya hatukusikia. Mimi mwenyewe, mwalimu niliyekuwa nanyamazisha darasa zima kwa jicho, naamka mara kwa mara usiku kupapasa komeo la mlango. Nakuambia wewe tu.

Papy amezungumza na wenye boti. Amenibembeleza, amenikasirikia, amemtuma Henriette na tumbo lake aje alie mbele yangu. Nimekataa. Unanikumbuka nilivyokukataza? Nitakukatazaje wewe kupanda, halafu mimi nipande? Ninalitazama ziwa kutoka dirishani na ninamwona Anaclet amekaa chini kule na shati jipya, ananingoja. Risasi inaweza kunikosa. Maji yale yananijua jina.

Asante kwa kutii. Kila jioni ninajiambia, angalau Laetitia yuko nchi kavu. Huo ndio usingizi wangu.

Yule askari mpe pole. Si salamu, pole tu.

Mama yako


Durban, Jumapili, 9 Novemba

Mama yangu,

Habari za magoti, habari za Henriette? Nimekutumia ujumbe mara nyingi, hukujibu, na naomba Mungu iwe ni mtandao tu. Hii nayo naiandika ili uisikie kwangu na si kwa mtu mwingine. Leo nimepanda boti. Ahadi niliyokupa nimeivunja.

Kanisa lilijaa. Wazee wa vita walivaa medali na maua mekundu ya karatasi kifuani. Tuliitwa wapya mbele, na nyuma ya kila mmoja akasimama mama au baba. Nyuma yangu palikuwa patupu. Baba Cele akainuka kwenye kiti chake, akaja polepole, akanyoosha mikono bila kunigusa. Akaniuliza, "Mama amesema?" Nikatikisa kichwa. Akarudi kukaa. Niliona haya, watu wote wananitazama, lakini nilikutii, Mama. Mpaka hapo nilikutii.

Padri alikuwa bado anasali, simu ya nahodha ikalia. Boti ya wavuvi ilikuwa imepinduka nje ya mdomo wa bandari, na watu walikuwa majini. Mwenzetu mmoja alikuwa mbali, Pietermaritzburg. Nahodha akatuangalia, akanifikia mimi, akasema, "Eish, Laetitia, nakuhitaji." Sikufikiri. Laiti ningefikiri. Tulikimbia na kengele ikaanza kulia nyuma yetu. Mikanda nilijifunga mwenyewe ndani ya gari, na vidole hivi vinavyosuka bila kutazama vilikosa kabisa pa kuingiza mkanda.

Niliogopa, Mama. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nje ya bandari maji yalikuwa yanapanda juu yetu na kuanguka, na kila yalipopanda nilikuona wewe na sufuria ya samaki. Tuliwatoa wavuvi wote. Wa mwisho alikuwa mzee, ameshikilia dumu tupu, midomo imegeuka rangi. Nilimshika kwapani. Alikuwa mzito na ananiteleza. Sijui kwa nini nilimwambia kwa Kiswahili, "Baba, nimekushika." Nilirudia hivyo mpaka tukamwingiza ndani.

Tuliporudi kanisani watu walikuwa wameshaondoka. Baba Cele alikuwa amekaa na taa peke yake. Nahodha alinisukuma mbele, nikaizima mimi. Mkono ulikuwa unanuka dizeli.

Médiatrice alikuwa ameahidi kuja kuniona nikibarikiwa, sikumwona. Labda taxi za Isipingo zilimchelewesha.

Nikasirikie, nitukane, lakini nijibu. Na uvuke, nakuomba.

Laetitia wako


Baraka, 11 Novemba

Laetitia mwanangu,

Sijui mtu anamsalimuje mtoto aliyekufa. Nimeanza mara nyingi na kufuta. Siwezi kukuuliza kama umzima. Nimezoea kukuandikia, na mkono umekataa kuacha.

Papy alipanda kilimani Jumapili akapata sauti ya Médiatrice. Alishuka, hakuniangalia usoni. Nilimlazimisha anipe simu. Médiatrice analia, anasema: "Mama, nilifika kanisa ya Laetitia nimechelewa kidogo. Nikakuta taa inawaka mbele, kengele inalia, bale basoda bazee bote basimama kimya. Padri anasoma majina ya batu ba boti. Jina ya Laetitia iko ndani. Mama, bananyamaza bote, bengine banalia. Nimeshindwa kubaki. Mama, pole, pole, boti haikurudi." Halafu sauti ikakatika, na mtandao ukakatika nayo.

Taa, kengele, askari wazee kimya, jina. Hapa kwetu nani asiyejua maana yake? Jina la baba yako lilisomwa hivyo.

Nimenyoa nywele. Mkeka umetandikwa sebuleni, wanawake wa jirani wamekuja, tumekaa chini. Hatuna hata shati lako la kuzika, nimetoa ile sketi yenye tundu la msumari, nimeiweka mapajani. Milio sasa inasikika karibu. Wanawake wengine wameshainuka mkekani kwenda kufunga mizigo, hawaniagi, wanaona aibu. Papy anakuja kila saa. Anasema boti zinaondoka, anasema mama, matanga utakaa Kigoma. Nimemwambia matanga hayahamishwi. Baba yako sikumpa siku zake kamili kwa sababu tulikimbia vita vile vingine. Wewe nitakupa zako zote. Wakija wanikute hapa hapa.

Nilikuwa ninaogopa kila kitu, Laetitia. Sasa siogopi kitu, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilikukatalia jina. Ulikwenda majini bila mkono wa mtu mgongoni.

Papy atapanda kilimani na picha hii. Labda simu yako anayo Médiatrice. Atakusomea kaburini, kama lipo.

Mama yako


Durban, 12 Novemba

Mama! Mama, niko hai!

Ni mimi Laetitia, ninaandika kwa vidole vyangu, niko saluni Umbilo Road, nimekaa sakafuni. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata mmoja. Barua yako imeingia sasa hivi, lakini zangu zote tangu Jumapili zina tiki moja, hazijakufikia. Mtandao umeitoa ya kwako ukafunga mlango, na mimi nimebaki huku ninapiga kelele.

Sikia. Médiatrice alifika kanisani sisi tumeshakimbilia bandarini. Taa aliyoiona ni ile ya nadhiri, inawashwa kwa sababu tumetoka, ili turudi. Majina yanasomwa watu wakiwa bado majini, ili waombewe wakiwa hai. Ikatokea ni Jumapili ile ya waliokufa vitani, wazee wakasimama kimya kwa ajili ya wenzao wa zamani, na yeye akajumlisha yote kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angejumlisha. Akatoka analia bila kumwuliza mtu. Jumatatu nilimfuata Isipingo kumgombeza kwa kutokuja. Aliponiona aliangusha nguo alizoshika, akanipapasa uso, akapiga yowe mpaka soko lote likageuka. Akatuma sauti nyingine hapo hapo kukuambia. Nayo ina tiki moja.

Mama, inuka kwenye mkeka. Huna maiti. Unamkalia matanga mtu ambaye mchana huu amekula wali na maharagwe. Waambie wanawake waende wakafunge mizigo. Papy, kama ni wewe unayesoma hii kwanza, leo nakuruhusu: kimbia, mpelekee, mbebe hata kwa nguvu.

Panda boti, Mama. Kaa chini kabisa, katikati. Jaketi la kuelea likiwepo, vaa, na mikanda ipite chini ya mapaja, si kiunoni tu. Maji yakiruka ndani usisimame. Ukiogopa piga kelele, hakuna anayekataza.

Mtoto wako, mzima,
Laetitia


Durban, 16 Novemba

Mama,

Sijui kama unayapata haya. Tiki bado ni moja. Ninaamka ninaitazama, ninasuka ninaitazama, mteja jana aliniambia nimemsuka upande mmoja umelegea. Redioni wanalitaja ziwa letu, halafu wanaingia kwenye mpira.

Leo baada ya misa nilimwambia Padri Lawrence yote. Aliniambia, "Lete jina la mama." Sikuelewa. Akamwita Baba Cele, wakasemezana, halafu mmoja wa wazee akauliza kama nadhiri inafika mbali hivyo, kwamba taa ni ya boti yetu, na ile ni boti ya ziwa la watu wengine. Baba Cele alipanda mwenyewe kwenye mnara, na goti lake lile bovu, akapiga kengele. Watu waliokuwa wanapita barabarani kuelekea bandarini walisimama, walifikiri boti imetoka. Halafu akaja akawasha taa, Padri akasoma jina lako kama la mtu aliye majini, naye akavuta kiti.

Hatujui hata kama umepanda. Tumewasha taa kwa ajili ya mtu ambaye labda bado amekaa mkekani. Nilimwuliza kama ni sawa kufanya hivyo. Akasema anajua kungoja bila kujua, ndiyo kazi aliyofanya maisha yake yote. Wazee wengine wamepanga zamu. Mimi ninakaa nao saluni ikifungwa.

Mama, ninaogopa mpaka meno yanauma. Wakati ule uliniambia usingizi wako ni mimi kuwa nchi kavu. Sasa mimi wa kwangu uko wapi?

Jibu, hata neno moja.

Laetitia


Kigoma, 20 Novemba

Laetitia mwanangu uliyefufuka,

Umzima. Ninaliandika hivyo bila kuuliza, kwa raha yangu. Mimi ni mzima, magoti yamelowa, kichwa hakina nywele, na ninakuandikia kwa simu ya Papy kwa kidole kimoja, kwa hiyo usinicheke.

Juzi Papy alishuka kilimani mbio, anaanguka, anainuka. Mimi nilijua ni askari wamefika. Nikakaa sawa kwenye mkeka ili wanikute nimekaa sawa. Kumbe ni wewe. Barua zako ziliingia zote kwa pamoja, ya wavuvi, ya Umbilo Road, ya taa. Nilizisoma nikakupiga kofi hewani kwa ahadi uliyoivunja. Halafu nikalia, wanawake wakafikiri nimezidiwa na msiba, wakalia zaidi. Niliwaambia inukeni, hakuna msiba hapa. Nikainuka mimi kwanza. Ningebaki kwa ajili ya maiti wako, lakini kwa ajili yako mzima sikuwa na sababu ya kubaki.

Ziwa lilikuwa la kijivu, na watu wengi kuliko boti. Ziliondoka mbili. Papy alinibeba mgongoni mpaka maji yakamfika kifuani, akanipandisha, akanitupia mkoba wake wenye simu nimshikie, akageuka kumchukua Henriette. Hapo milio ikaanza pale pale ufukweni. Mwenye boti akasukuma. Nilipiga kelele asubiri, akasukuma. Nilimwona Papy akimpandisha Henriette kwenye ile ya pili, tumbo mbele, na yeye akadaka ubao nyuma yake. Halafu mvua ikafunika ziwa, sikuwaona tena.

Nilikaa chini katikati kama ulivyosema. Nilipiga kelele kama ulivyoruhusu. Maji yalipanda juu yetu, nikamwambia Anaclet, si leo, bwana, mtoto wetu ameniita. Sikujua kama nimesema kwa sauti, lakini mama mmoja aliyebanana nami akaitikia amina.

Tumefika. Ya pili haijafika.

Tangu jana niko hapa ufukweni, sikubali kupelekwa kambini. Asubuhi hii wavuvi wa hapa wamesema watatoka kuwatafuta, na upepo bado ni mbaya. Hakuna aliyewaamuru, na watu wa boti ile si ndugu zao. Mmoja ni kijana mwenye umri wako. Alipita mbele yangu na jaketi la kuelea, mikanda inaning'inia, ana haraka. Nikamwambia, wewe, njoo hapa. Akaja, nadhani alifikiri nataka maji. Nilimgeuza nikamfunga. Nilipitisha chini ya mapaja kama ulivyoandika, akaona haya, nikamwambia tulia. Nilivuta kila mkanda kuona kama umekaza, kama nilivyokuwa nikikuvuta sare ya shule. Mama yake hakuwepo, na kazi hiyo ilihitaji mtu wa kuifanya.

Halafu nikamwambia nenda. Neno lile, Laetitia. Limetoka kinywani mwangu, na lilipotoka nilitaka kulirudisha, lakini alikuwa ameshaingia majini.

Basi jina ulilokuwa unaniomba ni la Baba Cele. Mwambie ni mimi niliyemtaja. Akufunge mbele ya altare, na akaze, asikuonee huruma. Nitakuogopea kila siku utakayotoka, usifikiri nimepona.

Na taa mwambie asiizime. Nimefika, lakini mimi siyo wa kuizima. Tuliondoka boti mbili.

Kuna kitu cheusi kinaonekana mbali kwenye maji. Watu wamesimama. Ninafunga barua hapa nikaone.

Mama yako